Sindano Mbili za Mkono wa Kushoto

Bwana Zaidi alikuwa fundi mzuri wa sindano za tiba mpaka alipokwenda Dar es Salaam kuhudhuria semina ya siku tatu. Naanza na sifa hiyo ili mtu asije akasema mimi, Zuena, nina chuki. Mkono wa Zaidi ulikuwa mwepesi. Alijifunza Tanga, miaka minne, kwa mzee mmoja wa Kichina asiyependa maneno, na alipofungua kliniki yake hapa Masuguru alifanya kazi kama mwalimu wake. Mtu anaingia na kiuno kimekaza, analala kifudifudi, anachomwa sindano nyembamba kama unywele, nusu saa baadaye zinachomolewa anakwenda zake. Mimi nilikuwa napokea watu, nafungua mafaili, natandika mashuka, na nahesabu sindano zinapoingia na zinapotoka, maana sindano ikisahaulika mwilini mwa mtu ni aibu ya kliniki nzima.

Kutoka semina alirudi na cheti kwenye fremu, maboksi sita ya tishu, na spika ndogo inayotoa sauti ya maji yanayotiririka. Maji! Mto Pangani unapita pale Old Korogwe usiku na mchana, na sijapata kusikia kwamba umemponya mtu mgongo.

"Dada Zuena," akaniambia, "miaka yote hii tulikuwa tunatibu nyama. Ugonjwa haukai kwenye nyama. Unakaa kwenye hisia."

Nikamuuliza hisia zinachomwa sindano ya ukubwa gani. Hakucheka. Mtu aliyetoka semina hacheki, anakuhurumia.

Utaratibu mpya ulikuwa hivi. Mgonjwa akishalala na sindano zake, Zaidi anavuta kiti karibu na kichwa chake, anafungulia maji yake, anashusha sauti inakuwa laini kama ya mchumba, anauliza, "Nani amekuumiza?" Mgonjwa akianza kujizungusha, anamwambia, "Mtaje. Jina likitoka, uchungu unatoka nalo." Ndivyo walivyofundishwa. Siku tatu, na chakula cha mchana juu.

Sisemi kwamba sindano hazitoi machozi. Zinatoa. Nimeona mtu mzima, mbeba magunia, anachomwa juu ya wayo tu na machozi yanamtiririka, mwenyewe hajui yametokea wapi. Zamani Zaidi alijua la kufanya, kwa sababu yule mzee wa Tanga alimfundisha: mfunike mgonjwa, mgeuzie uso ukutani, mwachie leso, toka nje. Akinyamaza, mpe maji ya kunywa, wala usimuulize. Niliipenda adabu hiyo. Mtu alikuwa akilia kwetu anaondoka na siri yake nzima, na wiki inayofuata anarudi bila kuinamisha kichwa.

Sasa kulia kukawa ndiyo dawa. Mwalimu Yusta wa Old Korogwe alikuja kwa ajili ya goti. Goti lilipona mwezi wa tatu, lakini yeye aliendelea kuja mpaka wa nane, kila Ijumaa saa tisa, kumlilia wifi yake. Kwenye benchi la kusubiria wanawake walikuwa wanaulizana nani amelia zaidi, na aliyetoka na macho makavu alionekana kama amepunjwa. Mzee Yusuph, fundi baiskeli, alikuja na shingo. Hakuwa na wa kumtaja, maskini, ameishi vizuri na watu. Mara ya tatu aliona haya akamtaja mbuzi wake aliyeibwa mwaka juzi, akajikamua chozi moja, na Zaidi akatoka naye mpaka mlangoni amemshika bega. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu alikuwa anasifiwa Masuguru nzima.

Katikati ya upuuzi huo ndipo alipokuja Nkasiogi.

Alikuwa mama wa Kimaasai wa miaka arobaini na kitu, kutoka tambarare za Handeni, mbele ya kwetu Misima. Mkono wa kulia ameufunga kifuani ndani ya shuka. Alifuatana na mke mwenzake, Siamanta, mdogo kwake kidogo, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji.

"Takwenya," nikawasalimu, maana nimekua nikiwaona wafugaji wanapita uani kwetu, na salamu yao naijua.

"Iko," wakaitikia wote wawili, na nyuso zikalegea kidogo.

"Mkono huu haukamui," Siamanta akasema. "Vidole havifungi. Hospitali wamepiga picha, wamesema mfupa mzima, damu nzima. Wamesema afanye mazoezi. Amefanya. Haufungi."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipozika," akasema.

Siamanta alinieleza mambo yao huku namwandikia faili. Kwao kila mke ana ng'ombe wake wa kukamua. Nkasiogi ana wanane. Anayekamua ndiye mwenye maziwa: yeye ndiye anayewagawia watoto, ndiye anayempa mgeni, ndiye anayejua jirani gani leo apelekewe kibuyu. Tangu mkono ule ufe ganzi, Siamanta alikuwa anakamua ng'ombe wote, wake na wa mwenzake. Mume ameanza kusema kwamba mvua zikija mpango huo ubaki hivyo hivyo, maana ng'ombe hawezi kumsubiri mtu apone.

"Mimi sitaki maziwa yake," Siamanta akasema. "Yeye ni mkubwa wangu. Nikikamua ng'ombe wake, ananitazama. Bora angenitukana."

Nkasiogi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi zote za familia. Hakujua kusoma, kwa hiyo akanipa mfuko mzima nichague mwenyewe. Nikapitia kadi za chanjo, picha ya mkono, barua ya rufaa. Chini kabisa kulikuwa na karatasi ya hospitali ya kijana wa miaka ishirini na miwili. Jina lake limeandikwa juu kwa wino wa bluu, na chini tarehe aliyofariki. Karatasi ilikuwa imeungua pembeni. Nkasiogi aliijua kwa alama hiyo, na nilipoishika akanikazia macho.

Nikalisoma jina kimya. Nikaikunja karatasi mara mbili, nikairudisha chini ya mfuko. Nikasema, "Hii haihusu mkono."

Kwao marehemu hatajwi jina. Nalijua hilo tangu utoto. Na sisi Wazigua tusijifanye tunashangaa. Mimi mwenyewe niliishi na baba mkwe wangu miaka ishirini na sita bila kulitamka jina lake, hata alipokuwa amekaa karibu nami anadai chai. Nikamwomba Siamanta amwambie mwenzake hivyo, kwamba hata kwetu yapo majina ambayo mdomo hauyabebi. Siamanta akamwambia kwa Kimaa. Nkasiogi akaufungua ule mkono kutoka kwenye shuka, akaniwekea kwenye mapaja yangu niutazame.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu moja tu: Zaidi aliamini kwamba mama huyu hajui Kiswahili. Alimuuliza nani amemuumiza, Nkasiogi akaangalia dari. Akauliza tena, akaangalia dari. Zaidi akachoka, akazima maji yake, akafanya kazi anayoijua. Na kazi anayoijua, nasema tena, aliijua kweli. Siku ya nne, sindano zilipochomolewa, nilikuwa nampangusa kiganja kwa pamba, nikahisi kidole gumba changu kimebanwa. Kilibanwa kidogo sana, kama anavyobana mtoto mchanga. Nikamtazama. Alikuwa anautazama mkono wake, haamini. Siamanta alicheka kwa sauti mpaka Mwalimu Yusta akasitisha kilio chake kule nyuma ya pazia kuuliza kuna nini.

Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote tangu nianze kazi pale, na ningejua ningeinyamazia furaha yangu. Walipoondoka, Zaidi alinifuata kwenye chumba cha mafaili.

"Umeona?" akasema. "Na hapo hajalia hata mara moja. Fikiria akilia itakuwaje!"

"Mwache. Mkono unarudi."

"Unarudi nusu. Kuna kitu amekifungia. Lakini hawa, dada Zuena, tuseme ukweli, hawana hisia. Ndivyo walivyoumbwa. Mmaasai hana machozi."

Yeye ndiye aliyesema hivyo, mtu mzima anayewalaza watu wazima wamlilie mbuzi. Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Hana hisia? Yule amemzika mwanawe wa miaka ishirini na miwili, na hujamsikia akipiga kelele kama hao waliaji wako wa Ijumaa!" Na ili kumkomesha kabisa, ili ajue kwamba nazungumza juu ya mtu na siyo juu ya cheti, nikalitaja jina. Nililitaja lote, la kijana na la baba yake, kama lilivyoandikwa kwa wino wa bluu. Hapa silirudii.

Nikaona nimemshinda. Kichwani alikuwa analirudia, midomo inacheza, na mimi nikachukulia kwamba ni aibu inamfanyia kazi. Sikumwambia kwamba jina lile halitajwi. Nilikuwa na raha yangu ya kumfunga mdomo, nikatoka nayo mpaka mapokezi, nikaita mgonjwa mwingine.

Siku ya tano waliwahi. Siamanta alikuwa amesimulia benchi zima kwamba juzi Nkasiogi ameshika chuchu ya ng'ombe na matone yametoka. Hayakujaza hata kifuniko cha kibuyu, lakini yametoka kwa mkono wake. Zaidi akachoma sindano kumi na mbili, mimi nikiwa pembeni nahesabu: saba kwenye mkono mbovu, tatu kwenye miguu, na mbili kwenye mkono wa kushoto, ule mzima, kwa sababu yule mzee wa Tanga alimfundisha kwamba upande mzima nao uambiwe. Halafu akafungulia maji. Akavuta kiti.

"Mama," akasema kwa sauti yake ya uchumba, "leo sitakuuliza. Najua nani anakuumiza. Mwite. Mwite pamoja nami."

Na akalitaja.

Mara ya kwanza alilitaja taratibu. Mara ya pili alilipaza, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Siamanta alisimama kutoka kwenye benchi, amejiziba masikio, akakimbilia nje mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimeshika pazia. Nilijua jina lile limefikaje mdomoni mwa Zaidi.

Nkasiogi alikaa kitako. Hakupiga kelele. Akaanza kuchomoa sindano kwa mkono wa kushoto, moja moja, za mkono mbovu kwanza, kisha za miguuni, na kila moja anailaza kwenye shuka. Zaidi alikuwa anasema, "Tulia mama, ndiyo inatoka hiyo, iache itoke!" Mjinga yule alidhani dawa inafanya kazi. Alikuwa hata ameshika boksi la tishu.

Zikabaki mbili, zile za mkono wa kushoto. Hizo zilitaka mkono wa kulia. Nkasiogi akaupeleka mkono wa kulia, vidole vikaizunguka sindano ya kwanza, havikufunga. Akajaribu tena. Ni vidole vile vile vilivyobana kidole changu. Havikufunga.

Akashuka kitandani. Akampita Zaidi, akaja nilipo, akaninyooshea mkono wa kushoto. Nikazichomoa zile mbili, nikaweka pamba. Nikaenda kwenye shuka nikahesabu zilizobaki, zikawa kumi, nikajumlisha, kumi na mbili, nikazitia kwenye boksi la taka. Ndiyo kazi yangu. Niliposimama wima alikuwa ameshatoka.

Zaidi alipata habari yake siku hiyo hiyo, kutoka kwangu, mbele ya benchi lililojaa. Nilimwambia amemtendea nini mama wa watu. Nilimwita majina ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyajua. Na unajua alifanya nini? Alilia. Alikaa kwenye kiti changu cha mapokezi akalia mpaka mabega yakamtikisika, Mwalimu Yusta akamletea tishu zake mwenyewe, Mzee Yusuph akampigapiga mgongoni. Wiki iliyofuata alikiweka kilio hicho mtandaoni kwa simu yake, watu wote waone, kwamba mponyaji naye ana vidonda. Wagonjwa wakaongezeka. Tulilazimika kununua benchi la pili.

Siku tisa nilizunguka Masuguru nikimsema. Sokoni nilimsema, msikitini upande wa wanawake nilimsema, kwa fundi cherehani nilimsema. Kila mtu alikubaliana nami kwamba semina zinaharibu watu. Hakuna aliyeniuliza Zaidi alilipata wapi jina, na mimi sikuwa na haraka ya kueleza.

Siku ya kumi niliomba ruhusa nikaenda kwetu Misima. Kaka yangu Mdoe anafahamiana na wafugaji, wanalisha kwenye mabua yake akishavuna. Akanitafutia pikipiki ya kunifikisha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia Nkasiogi kwamba Zaidi ni mpumbavu. Nitamwambia yule mzee wa Kichina bado yupo Tanga, hasemi neno, nitampeleka mwenyewe. Mkono ule uliwahi kufunga, na ukifunga mara moja unaweza kufunga tena, mradi mtu asikate tamaa kwa ajili ya mpumbavu mmoja.

Nilifika jioni, ng'ombe wanaingia zizini. Nkasiogi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, mkono umefungwa ndani ya shuka kama siku ya kwanza. Siamanta alikuwa anakamua. Aliponiona akaja na kibuyu chake, akasimama kati yetu kutafsiri. Nikasalimia, wakaitikia. Nikaanza hotuba yangu.

Nilisema vizuri, sijisifu. Nilisema yule bwana hana akili, hana adabu, amesomea ujinga na akapewa cheti. Nilisema nilimwaibisha mbele ya watu. Nilisema habari za Tanga. Siamanta alitafsiri kila kitu, akitazama chini. Nkasiogi alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

Halafu akazungumza mwenyewe, kwa Kiswahili, kile ambacho Zaidi aliamini hana.

"Nani alimwambia?"

Karatasi haikutoka tena kwenye mfuko wake tangu nilipoirudisha. Alijua, kwa sababu mfuko huo hakuuachia, hata usiku aliulalia. Siamanta asingelitaja hata kwa kuchomwa moto. Ningeweza kusema kwamba Korogwe kuna watu wengi na midomo ni mingi. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeusema msemo huo maisha yangu yote kwa ajili ya wengine.

"Mimi," nikasema.

Hakukasirika. Nilitamani akasirike.

"Yule hajui kitu," akasema. "Wewe ulijua. Uliisoma, ukaikunja."

Nimewacheka wanaolia miaka yote hii, na pale nilitaka kulia, nikajizuia, kwa sababu ningelia angelazimika kuninyamazisha, na hilo lingekuwa deni jingine juu ya mama yule. Ng'ombe wake wanane walikuwa wamesimama nyuma yake, wameshakamuliwa.

Akasema neno moja kwa Kimaa. Siamanta akamimina maziwa kwenye kikombe cha bati, akampa. Mgeni hatoki nyumbani kwa mtu bila kunywa. Nkasiogi akakipokea kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono huo huo wa kushoto, ambao kwetu hautumiki kumpa mtu kitu, akaninyooshea.

"Ya Siamanta," akasema.

Nikapokea kwa mikono yote miwili, nikanywa, yeye akiniangalia, mpaka yakaisha.